Mbuzi asiporudi jioni, asitumwe mtoto kumtafuta

Runazi. Saa 12 jioni ni saa ya kuhesabu. Mbuzi wanarudi kutoka malishoni, wanapita mlangoni mwa zizi mmoja mmoja, na mama mwenye nyumba anawahesabu huku jicho jingine likiwa kwenye sufuria ya maharage. Wakitimia, siku imeisha salama. Wasipotimia, kuna maneno yaliyozoeleka katika kaya nyingi za wafugaji: rudi ukamtafute.

Anayeambiwa hivyo mara nyingi ni mtoto wa miaka tisa, kumi au kumi na mbili. Ndiye aliyekwenda machungani baada ya shule, kwa hiyo ndiye anayedhaniwa kujua mbuzi alipopotelea. Anachukua fimbo, pengine na tochi ya simu ya baba, anaingia kwenye njia ya vichakani wakati giza linashuka. Saa hiyo hiyo fisi na chui nao wanaanza kutoka.

Kwa wakazi wa Runazi na vijiji vingine vya wilaya za Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera, suala la wanyama wakali kwa kawaida huzungumzwa kama suala la mifugo: mbuzi wangapi wameliwa, ng'ombe wa nani amejeruhiwa, Serikali italipa kiasi gani. Ni mara chache huzungumzwa kama suala la malezi. Lakini ukilitazama kwa makini, usalama wa mifugo na usalama wa mtoto vinategemea mambo yale yale: zizi likoje, nani analifunga, na nani anatumwa nje kukiwa giza.

Majirani wa hifadhi

Ukanda huu unapakana na maeneo makubwa ya wanyamapori. Mwaka 2019, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa na kupandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,707. Hifadhi hiyo inagusa wilaya kadhaa za Kagera, Biharamulo na Ngara zikiwamo, pamoja na Chato mkoani Geita. Haina ukuta. Mnyama anayetoka usiku kutafuta chakula hajui mpaka wa kijiji unaanzia wapi.

Historia nayo ina nafasi yake. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokimbia mauaji nchini Rwanda waliingia Ngara ndani ya takriban siku moja, wakapiga kambi Benaco. Ulikuwa msafara wa watu waliokuwa wakiokoa roho zao, na wenyeji wa Ngara waliwapokea. Lakini mgawo wa chakula kambini haukuwa na nyama. Shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyamapori duniani, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2008 kwamba katikati ya miaka ya 1990 nyama ya porini iliyoliwa katika kambi kubwa mbili za Kagera ilikadiriwa kufikia tani 7.5 kwa wiki. Nyati, pundamilia na swala wa mapori ya jirani walipungua sana.

Jambo hilo lina maana kubwa kwa mfugaji. Mnyama mla nyama huchagua windo kulingana na kinachopatikana. Swala wakiwa wengi, ana sababu ndogo ya kusogelea nyumba za watu. Wakiisha, mbuzi aliyefungwa kwa kamba kwenye mgomba ndiye chakula rahisi kuliko vyote. Ndiyo maana ujangili, hata ule wa kutega digidigi mmoja kwa ajili ya mboga, humrudia mfugaji kupitia mlango wa zizi lake.

Fisi nao hawaeleweki vizuri. Wengi humwona kama mla mizoga tu, mwoga anayesubiri mabaki ya simba. Utafiti uliofanywa Ngorongoro na Serengeti na mwanasayansi Hans Kruuk miaka ya 1960 ulionyesha kuwa fisi madoa huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake. Huishi katika koo zinazoongozwa na majike, hutembea umbali mrefu usiku, na taya lake huvunja mfupa wa paja la ng'ombe. Si mnyama wa kuzomewa na mtoto mwenye fimbo.

Giza la asubuhi, giza la jioni

Kagera iko magharibi ya mbali ya nchi, lakini saa yake ni ile ile ya Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo jua huchomoza huku karibu nusu saa baada ya kuchomoza Pwani. Kwa sehemu kubwa ya mwaka, saa 12 kamili asubuhi bado ni giza Runazi, na jua huonekana kati ya saa 12 na nusu na saa 1. Mtoto anayetakiwa kuwahi namba shuleni, au kuteka maji kabla ya kwenda shule, anatembea wakati fisi bado yuko njiani kurudi porini.

Jioni, giza huingia karibu na saa 1. Mbuzi aliyehesabiwa saa 12 na kuonekana hayupo huacha chini ya saa moja ya mwanga. Mtoto anayetumwa wakati huo anaweza kwenda kukiwa na mwanga, lakini atarudi gizani.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalifikirii. Mara nyingine hakuna anayemtuma. Mtoto mwenyewe, akijua atachapwa kwa kupoteza mbuzi, haendi nyumbani kabisa. Anabaki vichakani akitafuta, au anawaingiza mbuzi kimyakimya na kurudi peke yake bila kumwambia mtu. Fimbo ya nyumbani inamtisha kuliko fisi.

Kwa hiyo kinga ya kwanza haina gharama yoyote. Mtoto aambiwe mapema, tena mara nyingi, kwamba mbuzi akipotea aje aseme, na hatapigwa. Aambiwe kuwa mbuzi hununuliwa mnadani, na kwamba yeye hana mnada. Baada ya hapo familia iweke utaratibu: mbuzi wawe zizini saa 11 jioni, si saa 12, ili ukigundua kuna aliyepotea bado kuna muda wa watu wazima kumtafuta. Waende wawili au zaidi, wakiwa na tochi zenye mwanga mkali, wakipiga kelele. Giza likiwakuta, warudi. Mbuzi atatafutwa asubuhi.

Sheria nayo iko upande wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia umri wa miaka 14, na inakataza mtoto kufanyishwa kazi za hatari au kazi za usiku. Kusaidia nyumbani ni sehemu ya malezi, lakini kutafuta mifugo gizani kando ya hifadhi hakuwezi kuitwa kazi nyepesi.

Mtoto afundishwe pia la kufanya akikutana na fisi au chui. Asikimbie, kwa kuwa kukimbia huamsha hamu ya mnyama ya kufukuza. Asichuchumae wala kulala chini. Asimame wima, amtazame mnyama, apige kelele, ainue mikono au nguo ili aonekane mkubwa, kisha arudi nyuma polepole. Wakiwa wawili, washikamane. Kwa sababu hiyo pia, mtoto asichunge peke yake.

Ndani ya nyumba, kaya ziache kulala nje au barazani msimu wa joto, kwa kuwa fisi humng'ata aliyelala, mara nyingi usoni. Choo kikiwa mbali, ndoo ya usiku kwa watoto si aibu.

Zizi linalozuia

Mifugo mingi huuawa ikiwa zizini au imepotea njiani, si ikiwa machungani mchana mbele ya mchungaji. Zizi la miiba iliyorundikwa bila mpangilio humzuia mbuzi kutoka, lakini halimzuii fisi kuingia. Fisi husukuma au huchimba chini. Chui hupanda na kuruka. Ng'ombe wakishtuka, hulivunja zizi wenyewe na kutawanyika gizani, ambako wanyama wanawasubiri.

Wilayani Simanjiro, mkoani Manyara, wafugaji wa Kimasai wakishirikiana na shirika la Tanzania People & Wildlife wamejenga kile wanachokiita kuta hai. Wanapanda miti inayoota kwa vijiti kuzunguka zizi, wanafunga wavu wa chuma kwenye miti hiyo, na kadiri miti inavyokua ndivyo ukuta unavyozidi kuwa mrefu na imara. Nguzo hazili mchwa wala hazioza, kwa kuwa ni miti hai. Kwa Runazi, ambako mvua si haba na miti ya kupanda kwa vijiti ipo karibu kila ua, wazo hilo halihitaji utaalamu mkubwa. Wavu ndio ghali, na hapo ndipo kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kusaidia kaya moja baada ya nyingine.

Mwenye mbuzi wachache anaweza kuanza na banda lililoinuliwa juu ya nguzo, sakafu ikiwa ya mbao zenye nafasi ndogo, lenye paa na mlango wa kufungwa kwa komeo. Paa humzuia chui, na sakafu iliyoinuliwa humzuia fisi anayechimba. Samadi huangukia chini na kwenda shambani kwenye migomba.

Banda hilo lina faida nyingine ya kiafya. Kwa hofu ya fisi, baadhi ya kaya huingiza mbuzi ndani ya nyumba wanamolala watu. Mbuzi wanapona, lakini watoto wanalala na hewa chafu, viroboto na funza, na familia inajiweka karibu zaidi na magonjwa yanayotoka kwa wanyama, kama bruselosisi, ambayo huleta homa za kujirudia na maumivu ya viungo na mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria. Mbuzi walale kwao, lakini kwao kuwe salama.

Mwanga pia husaidia. Nchini Kenya, Richard Turere, mtoto aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, aligundua kuwa simba huogopa mwanga unaotembea. Akiwa na miaka 11 aliunganisha betri, sola na balbu ndogo zinazowaka kwa zamu kuzunguka zizi, simba wakadhani kuna mtu anazunguka na tochi. Mwaka 2013 aliueleza ubunifu wake kwenye jukwaa la kimataifa la TED.

Nchini Botswana, watafiti walichora macho makubwa kwenye matako ya ng'ombe ili mnyama anayenyemelea aone kama ameonekana. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, kati ya ng'ombe 683 waliochorwa macho hakuna aliyeuawa na mnyama anayevizia, wakati kati ya 835 wasiochorwa kitu, 15 waliuawa. Mbinu hiyo hulenga simba na chui wanaovizia. Fisi, anayefukuza kwa mbio ndefu, hazuiliwi na macho ya rangi.

Hata wafugaji wa nchi tajiri hawajapata dawa moja. Marekani, ambako mbwa mwitu wa nchi za baridi walirudishwa Hifadhi ya Yellowstone mwaka 1995, baadhi ya wafugaji hutundika vitambaa vyekundu kwenye kamba kuzunguka malisho. Mbwa mwitu huviogopa kwa wiki kadhaa, kisha wanavizoea. Fundisho ni hilo hilo kwa taa na kelele: zibadilishwe mahali mara kwa mara, na zisichukue nafasi ya ukuta.

Akiumwa, sabuni kwanza

Mtu aking'atwa na fisi, chui, bweha au mbwa, dakika 15 za kwanza zina uzito mkubwa. Kama damu inatoka kwa wingi, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na kimbilia kituo cha afya. Kama haitoki kwa kasi, osha jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 bila kukatisha. Sabuni ya kawaida ya kufulia inatosha. Usipake majivu, mafuta ya taa, kinyesi cha ng'ombe wala majani yaliyopondwa, na usikubali jeraha lishonwe mtaani.

Sababu ni kichaa cha mbwa. Zaidi ya asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu duniani hutokana na mbwa, lakini fisi na bweha nao huweza kuwa nacho. Dalili zikishaanza, ugonjwa huo huua karibu kila anayeupata. Kabla ya dalili, chanjo huzuia. Hutolewa kwa dozi kadhaa zinazoanza siku ile ile, na kuruka dozi ni sawa na kuacha mlango wa zizi wazi. Majeraha makubwa, hasa ya kichwani na usoni, huhitaji pia dawa ya kinga inayochomwa kwenye jeraha lenyewe, pamoja na chanjo ya pepopunda. Kwa kuwa si kila zahanati huwa na chanjo hizi, ni vyema wazazi waulize sasa, kabla ya ajali, ni kituo gani cha karibu kinazo.

Mbwa wa nyumbani achanjwe kila mwaka. Ndiye anayekutana na fisi usiku na ndiye anayelala na watoto mchana.

Kuna kikwazo kingine kinachogharimu maisha. Sehemu nyingi za Kanda ya Ziwa, fisi huhusishwa na ushirikina, kwamba ametumwa au ana mwenyewe. Imani hiyo huwapeleka wazazi kwa mganga wakati saa za chanjo zinapita. Mbaya zaidi, humgeuza bibi mzee jirani, mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni, kuwa mtuhumiwa. Fisi anayekuja kijijini amefuata mbuzi, mzoga au takataka za machinjio. Fukia mizoga na mabaki ya nyama mbali na nyumba, na wengi wao watakosa sababu ya kurudi.

Sumu haichagui

Mfugaji aliyepoteza mbuzi wanne usiku mmoja ana hasira, na dukani kuna dawa za wadudu. Kupaka sumu kwenye mzoga ni rahisi na ni kimya. Lakini anayekula wa kwanza huenda asiwe fisi aliyekula mbuzi wako. Februari 2018, karibu na Hifadhi ya Taifa Ruaha, simba sita na tumbusi 74 walikutwa wamekufa kwa sumu. Kijijini, watakaofuata ni mbwa wako, kuku, na pengine mtoto au jirani atakayekuta nyama na kuibeba nyumbani. Kupika hakuondoi sumu.

Nyama ya mnyama aliyekutwa amekufa isiliwe hata kama hakuna aliyetega sumu. Huenda alikufa kwa kimeta, ambacho huwapata watu wanaomchuna na kumla.

Kuhusu fidia, sheria ya Tanzania haitumii neno hilo. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kinacholipwa ni kifuta machozi kwa madhara ya binadamu na kifuta jasho kwa mali. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka Sh1 milioni kwa kifo na Sh500,000 kwa ulemavu wa kudumu. Viwango hivyo vimeshapitiwa upya, kwa hiyo vya sasa viulizwe ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Anayetaka kulipwa atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji mapema, kabla nyayo, mzoga na alama za meno hazijapotea, apige picha, na atunze karatasi za hospitali. Aliyeingiza mifugo hifadhini kinyume cha sheria asitarajie malipo.

Sheria inamruhusu mtu kujitetea mnyama anapohatarisha uhai wake, mradi atoe taarifa, na mzoga hubaki mali ya Serikali. Kumsaka porini siku ya pili kwa kisasi ni jambo jingine, na ni kosa.

Hakuna kiwango cha kifuta machozi kinachomrudisha mtoto. Mbuzi mmoja aliyelala nje usiku huenda asubuhi akakutwa mzima chini ya mgomba, huenda ikakutwa pembe tu. Ni hasara inayouma, hasa kama ndiye aliyekuwa auzwe kulipia sare za shule. Lakini saa 12 jioni, hesabu ya mbuzi ikipungua, mzazi ana hesabu nyingine ya kufanya kabla ya kumtuma yeyote: watoto wote wako ndani? Wakitimia, mlango ufungwe.